Ndoana, Dhoruba na Tamaa: Historia ya Uvuvi wa Halibuti

Kazi ya uvuvi ni ya kale kuliko vitabu, na zana zake ni ushahidi wa akili ya watu waliozitumia. Ukiitazama kwa makini ndoana ya taifa lolote, utajua samaki wao ana kinywa cha namna gani, bahari yao ina kina gani, na wenyewe wana subira kiasi gani. Katika insha hii tutafuata historia ya samaki mmoja na zana zilizobuniwa kumvua. Samaki huyo ni halibuti, na bahari yake ni Pasifiki ya Kaskazini, kwenye pwani za Marekani na Kanada hadi visiwa vya mbali vya Alaska. Maji ya huko ni baridi, upepo hubadilika ghafula, na mawimbi huweza kupita urefu wa nyumba. Tangu zamani bahari hiyo imemwuliza mvuvi maswali mawili: Utampataje samaki? Na ukimpata, utarudije nyumbani? Baadaye likaongezeka swali la tatu, gumu kuliko yale mawili: Kesho utavua nini?

Yafaa kwanza tumjue samaki mwenyewe. Halibuti ni wa jamaa ya samaki bapa, kama wale ambao wavuvi wa pwani yetu huwaita gayogayo, lakini yeye huwapita wenzake wote kwa ukubwa. Anapoanguliwa huogelea wima kama samaki wengine, jicho moja upande huu na jicho moja upande huu. Anapofikia umri wa miezi kama sita, jicho la kushoto limekwisha kuhama likavuka kichwa na kukaa karibu na lile la kulia. Tangu hapo hulala kwa ubavu chini ya bahari. Ubavu wa chini huwa mweupe, na ule wa juu huwa na rangi ya matope, hata adui asimtambue. Jike huwa mkubwa kuliko dume, naye huweza kuzidi urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Hata hivyo hakui upesi. Kwa kawaida jike hafikii umri wa kutaga mayai mpaka awe na miaka kama 12. Msomaji na aikumbuke hesabu hiyo, maana tutairudia.

Samaki wa namna hii ni mgumu kuvuliwa hata bahari inapotulia, sembuse inapochafuka. Yeye hukaa chini kabisa, na kwa hiyo mshipi hauna budi kuwa mrefu na chubwi hana budi kuwa mzito. Chombo cha mvuvi nacho kiko juu, kikipanda na kushuka pamoja na mawimbi. Chombo kikipanda ghafula, mshipi hukazika. Ama kinywa cha samaki huraruka, ama mshipi hukatika. Kikishuka, mshipi hulegea, na samaki hupata nafasi ya kuitema ndoana. Tena, mwenye nguvu kama hizo akiingizwa chomboni angali hai, mapigo ya mkia wake huweza kuvunja mguu wa mtu au ubao wa mtumbwi. Basi zana ya kumvua halibuti lazima iweze kukaza bila kukatika, kushika bila kuraruka, na kumtuliza samaki kabla hajamdhuru mvuvi.

Watu wa kwanza waliolitatua jambo hili ni mataifa ya asili ya pwani hiyo: Wamakah wa Cape Flattery, katika jimbo ambalo leo huitwa Washington, na Wahaida na Watlingit wanaokaa kaskazini zaidi. Habari zao tunazipata kwa njia nyingi. Wao wenyewe wamezihifadhi kwa kufundishana kizazi baada ya kizazi. James Swan, aliyekuwa mwalimu kwao katika miaka ya 1860, aliandika jinsi walivyofanya kazi zao. Na kuanzia mwaka 1970 wataalamu, wakisaidiana na Wamakah, walifukua kijiji cha Ozette, ambacho mamia ya miaka kabla yake kilifunikwa na maporomoko ya udongo. Matope yale yalizilinda mbao zisioze, na katika nyumba zilizofukiwa zilionekana ndoana za mti, kama kwamba mwenyewe alikuwa ameziweka jana.

Ndoana ya Wamakah ilitengenezwa kwa ufundi wa kustaajabisha. Fundi alitafuta magogo ya kale yaliyooza, akatoa ndani yake mafundo ya matawi ambayo ubichi na miaka havikuweza kuyaharibu. Aliyachonga yakawa vijiti vyembamba, akavitia ndani ya bua la mwani mnene lenye uwazi, akalifukia katika majivu ya moto. Mvuke ulipovilainisha vijiti, alivikunja vikawa na umbo la herufi U, akavifunga hata vikapoa. Kisha alifunga mwiba wa mfupa kwa mizizi myembamba, ncha yake ikielekea ndani. Watlingit na Wahaida walikuwa na umbo jingine: vipande viwili vya mti vilivyounganishwa kama herufi V, kimoja chepesi na kimoja kizito, na mara nyingi kimoja kilichongwa sura ya mnyama au ya mtu. Sura hiyo ilielekea chini, ikamtazama samaki.

Hekima ya ndoana hizo ilikuwa katika mambo mawili. La kwanza, mti huelea. Jiwe lilivuta mshipi mpaka chini, lakini ndoana yenyewe ilibaki imeinuka kidogo juu ya matope, mahali ambapo halibuti huona chakula chake. Chambo kilichopendwa ni pweza, kwa kuwa nyama yake ni ngumu na haitoki upesi. Halibuti hukivuta chambo kinywani kwa nguvu. Akihisi kitu kigumu hutaka kukitema, na hapo ndipo mwiba humchoma shavuni. Kadiri anavyovuta, ndivyo mwiba unavyozama. Kwa sababu hiyo mawimbi yaliyoutikisa mshipi hayakumwokoa samaki, bali yalimsaidia mvuvi.

Jambo la pili lastahili kuangaliwa zaidi. Nafasi iliyokuwapo baina ya mwiba na mkono wa pili wa ndoana ilikuwa na kipimo. Samaki mdogo hakuweza kuuingiza mdomo wake ipasavyo, na jike mkubwa kupita kiasi hakuweza kuipitisha midomo yake minene katika uwazi ule. Waliokamatwa zaidi walikuwa wale wa kadiri. Basi mdogo aliachwa akue, na mama mkubwa mwenye mayai mengi aliachwa azae. Tena mtumbwi uliepushwa na samaki ambaye angeweza kuupindua. Ndoana moja ilijibu maswali yote matatu kwa pamoja.

Mshipi wao nao ulitoka baharini. Walikusanya mabua membamba ya mwani mrefu, wakayaloweka, wakayanyoosha, wakayakausha, kisha wakayaunga hata wakapata mshipi wa kufika kina kikubwa. Mshipi huo ukiwa mkavu ulivunjika kama ukuni, lakini ukilowa ulikuwa na nguvu na ulinyumbuka. Kwa hiyo uliweza kuvumilia mshtuko wa mawimbi. Mitumbwi yao ilichongwa kwa gogo moja la mwerezi, omo lake likiinuliwa juu ili lipasue wimbi. Walipomvuta halibuti mpaka juu ya maji, walimpiga kichwani kwa rungu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, na ndipo wakamwingiza. Aliyesahau rungu pwani hakuwa na haja ya kuchukua ndoana.

Hayo yalidumu vizazi vingi. Wamakah waliithamini haki yao ya bahari hata, walipofanya mkataba na serikali ya Marekani huko Neah Bay mwaka 1855 na kutoa sehemu kubwa ya ardhi yao, walihakikisha kwamba haki ya kuvua mahali pao pa desturi imeandikwa katika mkataba huo.

Wakati huohuo, upande wa pili wa bara, katika Bahari ya Atlantiki, kulikuwa na jamaa mwingine wa halibuti. Wavuvi wa New England walianza kumvua kwa wingi katika miaka ya 1830, na kufikia miaka ya 1850 fungu la Georges Bank, lililokuwa limejaa samaki hao, lilikuwa limekwisha kuwa tupu hata haikulipa tena kwenda huko. Wavuvi wakasonga mbele kwenye mafungu mengine, wakayafanya vivyo hivyo. Wahenga wetu walisema, bandu bandu huisha gogo. Gogo la Atlantiki lilipokaribia kwisha, macho yaligeukia Pasifiki.

Kilichofungua mlango hakikuwa ndoana, bali reli na barafu. Mwaka 1888 jahazi liitwalo Oscar and Hattie, lililotoka New England, lilileta halibuti katika bandari ya Tacoma, na samaki hao wakapakiwa katika barafu na kupelekwa kwa gari la moshi mpaka Boston, ng'ambo ya pili ya bara. Tangu siku hiyo halibuti wa Pasifiki hakuwa tena chakula cha watu wa pwani yake peke yao na wale waliofanya nao biashara. Alikuwa bidhaa ya miji mikubwa yenye njaa isiyoshiba.

Wageni hao walikuja na zana yao, nayo ni mshipi mrefu wenye ndoana nyingi za chuma, ambao wavuvi wa pwani yetu huuita dhulumati. Mshipi mkuu hulazwa chini ya bahari, ukashikwa na nanga huku na huku. Juu ya kila nanga huelea chelezo chenye bendera, ili mwenyewe apate kuuona katikati ya mawimbi. Kutoka katika mshipi mkuu hutoka vigwe vifupi, kila kimoja na ndoana yake na chambo chake. Kipande kimoja kilichozoeleka kilikuwa na urefu wa karibu mita 550 na ndoana kama 100, na vipande vingi huungwa pamoja. Faida ya zana hii katika bahari chafu yaonekana mara moja: kwa kuwa mshipi umelala chini na haukufungwa chomboni, mawimbi ya juu hayautikisi. Samaki hushikwa wakati mvuvi hayupo.

Taabu ilikuwa katika kuuvuta. Hapo mwanzo kazi hiyo ilifanywa kwa vihori vidogo vyenye chini bapa, vilivyobebwa juu ya sitaha ya meli vikiwa vimepangwa kimoja ndani ya kingine kama bakuli. Kila kihori kilishushwa na watu wawili. Mmoja alisimama omoni akivuta mshipi kwa mikono, na mwenzake alipokea samaki na kukunja kamba. Waliwapiga samaki kwa rungu, sawasawa na Wamakah. Kihori kitupu kiliyumbayumba, na kihori chenye samaki wa kadiri kilitulia. Lakini kilipojazwa kupita kiasi, wimbi moja lilitosha. Ukungu ukishuka, meli haikuonekana. Watu wengi walitoka asubuhi katika vihori hivyo wasirudi. Mwana maji wa kwale, kufa maji mazoea. Lakini mazoea hayampunguzii mjane machozi.

Baadaye ilikuja injini, na baada yake mtambo wa kuvutia mshipi, na vihori vikaachwa. Meli yenyewe ikaufuata mshipi wake. Kazi ilifanywa, na bado hufanywa, kwa utaratibu huu. Wakati wa kutega, meli huenda mbele na mshipi hutoka tezini kwa kasi, ndoana zikiruka moja baada ya nyingine. Saa hiyo ni ya hatari, maana ndoana ikishika nguo au mkono wa mtu humvuta baharini. Kwa hiyo kisu huwekwa karibu, tayari kukata. Wakati wa kuvuta, nahodha huelekeza omo la meli kwenye upepo na mawimbi, akaenda polepole akiufuata mshipi. Jicho lake haliachi kuutazama, maana ukipita chini ya meli huweza kuzongwa na rafadha, na meli iliyokosa rafadha katika dhoruba ni kama mtu aliyefungwa miguu. Meli ikiinuliwa na wimbi, mwenye kushika mtambo huulegeza kidogo, ikishuka, hukaza. Mwenzake huegemea ukingoni na ngoeko mkononi, akimvizia samaki anapotokea, amnase kichwani asiharibu nyama. Samaki hutumbuliwa mara moja na kuzikwa katika barafu tumboni mwa meli. Huko hupangwa vizuri wasisogee, kwa sababu mzigo unaohama upande mmoja ndio unaopindua meli.

Ustadi huo wote ulijibu maswali mawili ya kwanza. Swali la tatu halikujibiwa. Ndoana ya chuma haikuwa na kipimo cha ndoana ya mti. Meli zilivuta samaki wengi, lakini baada ya miaka michache kila kipande cha mshipi kilirudi na samaki wachache kuliko zamani, na ilibidi meli ziende mbali zaidi na kutega zaidi ili zipate kiasi kilekile. Kuanzia mwaka 1914 mtaalamu William F. Thompson, akifanya kazi kwa ajili ya serikali ya British Columbia, alizichunguza hesabu za wavuvi na kuonyesha kwamba halibuti wanapungua. Hapa ndipo ile miaka 12 ya jike inapoonyesha uzito wake. Samaki anayechelewa hivyo kuzaa hawezi kushindana na mtambo usiochoka.

Wavuvi wenyewe waliomba sheria. Mwaka 1923 Kanada na Marekani zilitia sahihi mkataba wa kuhifadhi halibuti, na huo ndio mkataba wa kwanza ambao Kanada iliutia sahihi kwa mkono wake yenyewe pasipo mjumbe wa Uingereza. Uvuvi ulifungwa kwa miezi mitatu ya baridi, wakati samaki wanapotaga mayai na bahari inapokuwa mbaya kuliko wakati wote. Iliundwa Tume ya mataifa mawili, na Thompson akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Mkataba mpya wa mwaka 1930 uliipa Tume uwezo wa kuweka kikomo cha samaki watakaovuliwa, na vikomo hivyo vikaanza kutumika mwaka 1932. Polepole samaki wakaongezeka. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara walikatazwa kuchukua halibuti mfupi kuliko sentimita 81. Kipimo kilichokuwa katika mdomo wa ndoana ya mti sasa kiliandikwa katika kitabu cha sheria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wavuvi walibadili ndoana zao. Waliiacha ile yenye umbo la herufi J, wakashika nyingine iliyo kama duara, ncha yake ikielekea ndani. Ndoana hii humshika samaki pembeni mwa kinywa, wala hawezi kuitema kwa urahisi. Idadi ya samaki waliopatikana ikaruka juu. Anayekumbuka ndoana ya Wamakah atatabasamu: chuma kilikuwa kimerudia shauri la mti.

Lakini sheria ilikuwa na ufa. Iliweka kikomo cha samaki wa eneo zima, bila kusema kila chombo kitapata nini. Basi kila mwenye chombo alitaka kuwahi kabla ya mwenzake. Vyombo vikazidi, ndoana zikawa bora, na kikomo kikafikiwa upesi zaidi mwaka hata mwaka. Ilibidi Tume ipunguze siku. Katika British Columbia msimu wa mwaka 1990 ulikuwa wa siku 6 tu. Katika sehemu kubwa ya Alaska uvuvi ulifunguliwa kwa saa 24, mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Siku ikitangazwa imetangazwa. Ikija na dhoruba, mvuvi aliyebaki bandarini alikosa riziki ya mwaka. Aliyetoka alifanya kazi usiku na mchana bila kulala, akajaza tumbo la meli na sitaha pia. Vyombo vilizama na watu walikufa. Mishipi iliyokosa muda wa kuvutwa iliachwa chini, ikaendelea kuua samaki bila faida ya mtu. Kweli, tamaa mbele, mauti nyuma. Hata hivyo tusiwahukumu wavuvi haraka, maana si wao waliotunga mashindano hayo. Kila mmoja alifanya lile ambalo kanuni ilimlazimisha kufanya.

Tiba ilikuja British Columbia mwaka 1991 na Alaska mwaka 1995. Kila mwenye haki alipewa fungu lake la samaki, avue wakati apendao ndani ya msimu mrefu. Mwaka 1995 msimu wa Alaska ulidumu miezi minane. Nahodha aliyeona mawingu mabaya aliweza sasa kukaa bandarini na kunywa kahawa yake, akijua kwamba samaki wake wangali wanamngoja. Vyombo vilivyohitaji kuokolewa vikapungua, na samaki wakafika sokoni wabichi kwa muda mrefu wa mwaka. Tiba hiyo nayo ilikuwa na uchungu. Fungu la samaki likawa mali ya kuuzwa na kununuliwa. Baadhi ya watu wa vijiji vidogo waliuza mafungu yao, na vijana waliozaliwa baadaye wakakuta bahari ya baba zao ina bei wasiyoimudu. Shauri hilo linajadiliwa mpaka leo.

Historia hii yatufundisha kwamba zana huongeza nguvu za mtu, lakini haimwongezei kiasi. Wavuvi wa kale walikitia kiasi ndani ya zana yenyewe; waliokuja baadaye walikitoa, na ikawagharimu samaki wengi, maisha ya watu na miaka mingi ya kutunga sheria kabla ya kukirudisha. Kila mwaka Tume ile hukaa na kupima tena idadi ya halibuti, ambayo hupanda na kushuka, na kila mwaka hubishaniwa ni wangapi wavuliwe. Bahari yetu pia ina nyavu, mishipi na vijana wanaotafuta riziki, na pepo za kusi huwazuia wavuvi wadogo wa pwani yetu wasiende mbali. Anayesoma habari hizi hapa Kenya hana haja ya kumwona halibuti ili ajiulize kama sisi nasi tumekwisha kulijibu lile swali la tatu.